Mtoto Aliyeanguka Mstarini

Kuna asubuhi moja ya Nyarugusu, kule machimboni kwa dhahabu, ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Kila kijana anayekuja kuniaga kwa sababu amepangiwa shule ya kufundisha huwa namsimulia habari yake kabla sijamwongeza chai. Wewe umepangiwa Rwamgasa, nimesikia. Basi kaa kidogo. Shule utaikuta palepale, na watoto utawakuta wanakungoja, wenye viatu na wasio na viatu.

Nilikuwa binti mbichi, nimetoka chuo cha ualimu hata sare ya mwisho haijachakaa. Kwetu ni Ushirombo, kwa Wasumbwa, tulikolelewa kwa kengele ya misheni na mashamba ya mihogo, mahali ambapo kila mtu anamjua babu wa kila mtu. Nyarugusu ilinishtua. Karasha zile za kusaga mawe zilikuwa zinanguruma tangu alfajiri, vumbi jekundu linakaa mpaka kwenye kope, na watu wametoka kila pembe ya nchi: Wasukuma, Wazinza, Waha, Wakurya, Wachaga wa dukani. Duara, lile shimo la wachimbaji, likitoa dhahabu mahali, wiki ijayo darasa linajaa. Likikauka, watoto wanahama na wazazi wao bila hata kuaga. Unamfundisha mtoto kugawanya, kesho dawati lake tupu.

Walinipa darasa la sita. Katika darasa hilo alikuwamo msichana aitwaye Milembe. Jina hilo kwa Kisukuma ni amani, lakini amani yenyewe hakuwa nayo. Alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, peke yake kwenye dawati la watu watatu, na wenzake wakibanana wanne wanne mbele. Mimi mgeni nikadhani ni mtundu, amewapiga wenzake wakamwogopa. Nikamwuliza kiranja wa darasa, akatazama chini akasema, "Mwalimu, yule tunamwacha tu." Nikaacha. Mgeni haulizi kila kitu siku ya kwanza.

Basi asubuhi hiyo tulikuwa mstarini. Wimbo umekwisha, mwalimu wa zamu anakagua kucha. Mara nikasikia sauti kama ya mtu aliyekabwa, na Milembe akaanguka chali kwenye changarawe. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutetemeka, macho yamegeuka, povu linatoka mdomoni. Mwanangu, ule mstari ulivunjika kama chungu. Watoto walikimbia wakipiga mayowe, "Msimguse! Msikanyage mate yake!" Wakubwa waliwabeba wadogo wao wakaruka nao hadi nyuma ya vyoo. Na si watoto tu. Walimu nao walirudi nyuma, na mimi nilikuwa miongoni mwao, mgongo wangu umegota ukutani mwa ofisi. Kwetu tuliambiwa tangu utotoni kwamba anayeguswa na mate ya mwenye kifafa naye ataanguka. Hakuna aliyetuambia vinginevyo.

Aliyekwenda alikuwa mtu mmoja tu, na ndiye niliyemdhania wa mwisho. Mwalimu Leokadia, mwalimu wa taaluma, mama wa Kihaya mwenye umri wa mama yangu. Alikuwa mkali, mwanangu, mkali wa pilipili kichaa. Akipita koridoni, darasa linanyamaza hata kama hajaangalia upande huo. Huyo ndiye aliyepiga magoti kwenye changarawe na sketi yake ya kazi. Alisogeza mawe, akavua mtandio wake akaukunja na kuuweka chini ya kichwa cha mtoto, akalegeza ukosi wa shati lake. Mwalimu mmoja wa kiume akaja mbio na kijiti, anataka kumpachika katikati ya meno. Mwalimu Leokadia akamwambia bila kuinua sauti, "Rudi nacho. Huyu hawezi kumeza ulimi, na wewe utamvunja meno." Mtikisiko ulipopungua akamgeuza kiubavu, akamfuta mdomo kwa leso yake mwenyewe, akabaki amemshika bega, anamwambia maneno ya chinichini ambayo hatukuyasikia.

Milembe alipofumbua macho alitazama huku na huku. Kisha akaivuta sketi yake kufunika magoti, akalia bila sauti.

Baadaye Mwalimu Leokadia aliniita ofisini. Nikajua leo nimepatikana. Akanitaka niketi.

"Nyamizi, umeona nini pale nje?"

"Nimeona mtoto anaumwa, mwalimu."

"Hapana. Mtoto anaumwa hata wewe ukiwa umelala. Ulichoona ni watu wazima wanamkimbia mtoto. Kila akizinduka, kitu cha kwanza anachokiona ni migongo yetu." Akanyoosha ule mtandio wenye vumbi magotini mwake. "Nina mdogo wangu alikuwa hivi. Nimemlea mimi. Nimefuta mate yake tangu nikiwa msichana, na mpaka leo sijaanguka. Mate hufutwa kwa leso yakaisha, binti yangu. Aibu ya mtoto utaifuta kwa kitu gani?"

Akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Mwakani nastaafu narudi kwetu. Hapa shuleni ninamwinua peke yangu. Nikiondoka nani atamwinua? Sikuamrishi. Hofu haiondoki kwa amri. Nakuuliza tu."

Akaniacha na swali hilo. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema, na mimi methali hiyo nilikuwa nimeifundisha ubaoni kwa mwandiko mzuri. Kuifundisha na kuipigia magoti kwenye changarawe ni mambo mawili, mwanangu.

Kesho yake nilihama meza yangu. Sikumwambia mtu. Niliingia darasani na rundo la madaftari, nikapita meza ya mwalimu, nikaenda kuketi kwenye dawati la Milembe, nikaanza kusahihisha. Darasa zima likageuka shingo. Nilikuwa bado naogopa, sikufichi. Milembe akajivuta hadi ukingoni mwa dawati kama mtu anayempisha mkubwa. Nikamwambia, "Sogea huku, nikinyoosha mkono nitakuangusha." Hapo akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kuona meno yake.

Kila nilipokuwa na kazi ya kusahihisha nikaifanyia pale. Nikagundua yule mtoto si mzito wa akili kama nilivyoambiwa. Alikuwa na mashimo tu. Akianguka leo, kesho na keshokutwa haji kwa aibu, na somo lililopita siku hizo hakuna anayemrudishia, maana hana rafiki wa kumwazima daftari. Sehemu alizijua, desimali hakuzijua kabisa. Tukaanza kuziba shimo moja moja wakati wa mapumziko. Kisha asubuhi moja msichana mmoja aitwaye Zuhura, binti wa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kigoma, akaja na begi lake mkononi. "Mwalimu, naomba nikae hapa. Kule mbele jua linanipiga." Mwanangu, asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha! Nikamwambia, "Kaa, jua lisikuue." Mambo mengine mwalimu anatakiwa ayaone na asiyaone.

Lakini wema wa dawati peke yake hauponyi kifafa. Nikaenda kumwona mama yake. Mama Milembe alikuwa mama ntilie kule kwenye maduara, anawapikia wachimbaji wali na maharage. Mume alifuata dhahabu mpya upande wa Kahama na hakurudi. Alinipokea kwa "Mwangaluka, mayu," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akanifutia kigoda, lakini nilipotaja hospitali uso ukafunga.

"Mwalimu, nimekwenda kwa waganga mpaka nimeuza mbuzi. Kila mmoja anataja jirani tofauti, eti nilimkosea. Hospitali nako wakishaandika kwamba mwanangu ana kifafa, basi imeandikwa. Nani atamwoa?"

"Mama Milembe, si wote wanajua tayari?"

Akakoroga maharage muda mrefu. "Wanajua. Ila hawajaandika."

Sikumcheka, na wewe usije ukamcheka mzazi wa namna hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ni kweli. Lakini anayeficha ana sababu yake, na ukimvua nguo kwa nguvu atakimbia na mtoto wake asirudi. Nikarudi tena, na tena. Mara nyingine tulizungumza bei ya mchele tu. Siku moja yeye mwenyewe akasema, "Kama utakwenda na sisi, nitakwenda." Tukaenda, sisi watatu, tumepanda lori la mkaa hadi hospitali. Daktari, kijana mpole, alimweleza yule mama kwamba ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi kwa mate wala kwa kukanyaga, na vidonge vipo, ila visikatizwe hata akijiona mzima. Mama Milembe akamwuliza swali moja tu: "Kwa hiyo si mimi niliyemkosea mtu?" Daktari akasema, "Si wewe, mama." Akajifunika uso kwa kanga. Njiani kurudi alikuwa amemlaza Milembe mapajani, msichana mkubwa vile, anampapasa nywele.

Shuleni tukagawana. Mpishi, Mama Shija, akawa anamwekea kikombe cha uji mapema ili vidonge visiingie kwenye tumbo tupu. Mlinzi getini akafundishwa namna ya kumlaza kiubavu. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Usije ukadhani shule ni walimu peke yao.

Naam. Jambo jema nalo lina adui wake. Wazazi walipopata habari kwamba mwalimu anawakalisha watoto wao na mwenye kifafa, kikaitishwa kikao. Aliyewaongoza alikuwa Baba Joyce, mnunuzi wa dhahabu, mtu aliyesikilizwa kwa sababu mabati ya ofisi yetu aliyatoa yeye. Akasimama akasema taratibu tu, hakufoka: "Sisi hatuna ubaya na huyo mtoto. Akatafutiwe shule ya wagonjwa. Hapa atatuharibia watoto." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu Mkuu, mtu mwema lakini mpenda utulivu, alikuwa anaifuta miwani yake isiyo na vumbi.

Mimi nilikuwa bado kwenye kipindi cha matazamio. Neno moja la kamati ya shule lingetosha kunirudisha Ushirombo nikalime mihogo. Nikamtazama Mwalimu Leokadia, nikitumaini atasimama yeye. Hakusimama. Alinitazama tu, kama anayeuliza tena lile swali lake. Nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi nimeketi dawati moja na Milembe tangu mvua za vuli. Nimekunywa maji kikombe kimoja naye. Nitazameni. Kama ugonjwa unahama kwa mate, mngekuwa mmekwisha kuniokota chini."

Baba Joyce akasema, "Wewe huna mtoto, mwalimu. Hujui uchungu."

"Wa kuzaa sina, baba. Wa kufundisha ninao mpaka madawati hayatoshi. Mkimtoa huyu leo kwa kuanguka, kesho mtamtoa asiyesikia vizuri, keshokutwa anayechechemea. Mwisho nitafundisha kuta."

Kuna waliocheka, wa upande wangu na wa upande wake. Nyuma kabisa akainuka mchimbaji mmoja, bado ana tope la duara miguuni, akasema kwa Kiswahili cha kubabaika, "Mimi ndugu yangu alianguka motoni akafa. Tulikuwapo watu wengi. Tuliogopa kumshika." Akaketi.

Mwalimu Mkuu akavaa miwani yake. "Mtoto hatoki," akasema. "Anayetaka kumtoa wa kwake, geti halina kufuli." Kusema kweli sikumtarajia. Ndipo nilipojua kwamba ujasiri nao unaambukiza, tena huo hauhitaji mate.

Baba Joyce alimtoa mwanawe, na wengine wachache wakamfuata. Yalituuma, maana Joyce alikuwa mtoto mzuri. Muhula uliofuata akarudi kimya kimya, na sisi tukampokea kimya kimya. Mtu akirudi, usimuulize alikokuwa.

Mwalimu Leokadia akastaafu kweli. Alipoondoka alinishika mkono tu akasema, "Haya, sasa ni wako." Milembe akaingia darasa la saba. Vidonge vilimshika vizuri, ikapita miezi hajaanguka, na akawa anaongoza nyimbo kwenye mistari ileile aliyokuwa akiiogopa. Nikaanza kujisahau. Kumbe wiki ya mtihani wa taifa barabara zilikatika kwa mvua iliyowahi, vidonge vikachelewa, akakosa siku kadhaa.

Unajua mtihani ule ulivyo. Walimu wa shule haturuhusiwi kusogea. Wasimamizi wanatoka shule za mbali, na askari anasimama nje na bunduki. Kabla hawajaingia nilimfuata msimamizi, kijana wa rika langu, nikamweleza yote: usimzuie, usimtie kitu mdomoni, ondoa vya kumgonga, mlaze kiubavu, ngoja. Akanitazama kwa wasiwasi. "Na wengine wakitoroka ukumbini, mwalimu? Mtihani utaharibika wa wote." Nilimwambia, "Hawatatoroka," nami mwenyewe sikuwa na hakika.

Nikakaa chini ya dirisha la ofisi, ng'ambo ya uwanja. Katikati ya somo la hisabati nikasikia dawati linabamiza sakafu. Nikakijua kishindo kile. Nikajikuta nimefika katikati ya uwanja, askari amenyoosha mkono: "Mama, hapa huvuki."

"Mwanangu ameanguka."

"Hata kama. Huvuki."

Nikasimama juani, nasubiri mayowe. Nilikuwa nayajua mayowe yale. Ningejua yakianza tu kwamba watoto wametapakaa, na mtihani umekwisha, na yule mtoto hatainua uso tena maishani mwake. Nikafumba macho nikasali sala niliyofundishwa misheni, nikaichanganya mwanzo na mwisho. Nikasubiri. Karasha zinanguruma kwa mbali. Mayowe hayakuja. Nikasubiri tena. Hayakuja, mwanangu. Hakukimbia mtoto hata mmoja. Yule askari naye aliinama akisikiliza, akaniambia polepole, "Mbona kimya?" Nami machozi yakanitoka mbele ya bunduki yake bila haya.

Walipotoka, msimamizi alikuja moja kwa moja kwangu, shati limemlowa jasho. "Mwalimu, nilitaka kumfuata nikajikwaa. Yule binti wa pembeni akaniambia, 'Taratibu, mwalimu, msogezee dawati tu, atarudi.' Wengine wakaendelea kuandika. Nimemfidia dakika zake zote, kaandika hadi mwisho." Binti wa pembeni alikuwa Zuhura. Nyuma yao akatoka Milembe, ana vumbi shavuni, amechoka, akaja akasimama mbele yangu. "Mwalimu, zile desimali zimekuja," akasema. Nikamkumbatia na vumbi lake lote.

Alifaulu. Si alama za kushangiliwa wilaya nzima, ila zilitosha kumwingiza sekondari, na kwa mama yake, siku matokeo yalipobandikwa, zilikuwa nyingi kupita za watoto wote. Alipika sufuria nzima ya wali akawalisha wapita njia, anasema tu, "Wabeja, wabeja sana," ndiyo asante ya Kisukuma. Leo Milembe ana duka la mbegu na dawa za mifugo, mama wa watoto wawili, na vidonge vyake anameza bado. Ameolewa pia, maana najua unataka kuuliza. Alipokuja na mumewe kunisalimu nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ile ya mstarini.

Sasa nikuambie ninalotaka uondoke nalo. Rwamgasa utamkuta Milembe wako. Huenda haanguki. Huenda anasinzia kwa sababu amekesha akimtwangia mama yake mawe ya dhahabu, au anaongea Kisukuma tu na Kiswahili kinamkwama kooni, au ananuka na wenzake wanaziba pua. Utaambiwa, "Yule tunamwacha tu." Ukisikia maneno hayo, hapo ndipo kazi yako inapoanzia. Usingoje hofu iishe kwanza. Sogea nayo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mara nyingi utakuta yanakufika magotini tu. Uwe mpole kwa mtoto, mvumilivu kwa mzazi. Mkubwa wako akisitasita usimdharau, mpe nafasi ya kuwa jasiri. Na mpishi na mlinzi wa shule uwasalimu kwa majina yao, kwa sababu siku mtoto atakapoanguka hutajua nani atakuwa karibu naye. Zaidi ya yote, watoto wanajifunza kwako hata ukiwa hufundishi. Wakikuona unakimbia watakimbia. Wakikuona unaketi, wataketi.

Haya, inuka mwanangu, gari lisikuache. Mungu akupe mikono isiyochagua wa kumwinua. Akupe sauti siku utakapohitaji kusimama mbele ya wakubwa, na akufungie kinywa siku kunyamaza kutakapokuwa bora. Watoto wa Rwamgasa wakuone uso, wasikuone mgongo. Nenda salama, na ufike.